Mambo ya Nyumbani: Sanduku la Jua

Mwezi huu twaomba kusema nanyi juu ya jambo ambalo kwa juujuu si la kanisani. Lakini tumejifunza kwa aibu yetu wenyewe kwamba lagusa sadaka zetu, na afya ya watoto wetu, na hata uhai wa jirani. Jambo lenyewe ni kukausha chakula.

Wazee husema, Akiba haiozi. Neno hilo ni kweli kwa elimu na kwa matendo mema. Kwa mahindi si kweli, ila tumelifanya kuwa kweli kwa kazi ya mikono yetu. Mahindi ya akiba huoza. Na ubaya wake ni kwamba huweza kuoza nusu tu, yakaonekana bado kuwa chakula.

Tutaanza na kosa letu, maana mwalimu anayeficha kosa lake hastahili kusahihisha la mwenzake. Mwaka mmoja tulivuna mahindi ya masika, tukayapukuchua, tukayaanika uani juu ya ardhi tupu, kama tulivyowaona baba zetu wakifanya. Usiku wa siku ya tatu ikanyesha mvua isiyokuwa ya wakati wake. Asubuhi tuliyatandaza tena, jua likawaka, na jioni yalionekana makavu kwa macho. Tukayatia katika magunia, tukayaegemeza ukutani, tukamshukuru Mungu kwa mavuno.

Baada ya mwezi mmoja tulifungua gunia, tukapokewa na harufu ya uvundo. Punje nyingi zilikuwa na ukungu wa kijani na wa kijivu. Basi tukafanya kama wafanyavyo watu wengi: tukayachagua. Yaliyo safi tukayaweka kwa chakula chetu. Yaliyoharibika hatukutaka kuyatupa, kwa kuwa tumelelewa kuamini kwamba kutupa chakula ni kukufuru. Yaliyo mabaya kabisa tukawapa kuku. Na debe moja, ambalo kwa macho yetu halikuwa baya sana, tukampelekea bibi mmoja mjane anayekaa jirani nasi na kulea wajukuu wawili.

Akalipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mwalimu," akasema, "Mungu awaongezee pale mlipopunguza." Tukarudi nyumbani tumefurahi, maana tulihesabu kwamba tumetoa sadaka.

Hazikupita siku nyingi akaja bwana shamba kufundisha kijijini, akaeleza habari za sumukuvu. Tulimsikiliza huku masikio yakituwaka moto. Hatukungoja amalize, tulikwenda mbio mpaka kwa yule bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti. Mbona unahema hivyo?"

Tulipomwomba turudishiwe mahindi, akatutazama kwa muda. "Mwalimu," akasema, "sadaka nayo hurudishwa?"

Ndipo tukamweleza yote, nasi hatukuwa na la kujitetea. Nusu ya debe ilikuwa imekwisha sagwa, na wale watoto walikuwa wameinywa uji. Iliyobaki tukaichukua, tukaifukia shimoni, na jioni ile tukampelekea debe la mahindi yetu masafi. Kwa kadiri tulivyoona watoto hawakuugua, nasi twashukuru. Lakini tangu siku hiyo tumejua kwamba mtu aweza kwenda kwa jirani na sadaka mkononi, naye amebeba sumu.

Yafaa basi tueleze sumu hiyo ni kitu gani. Wako kuvu wa namna fulani wanaoishi katika udongo, nao hupenda mahindi na karanga kuliko vyakula vingine. Huanza kuingia hata mazao yakiwa bado shambani, hasa mwaka wa ukame. Na mazao yakivunwa na kuwekwa na unyevu, kuvu hao hustawi na kutoa sumu. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haina ladha ya kumwonya mlaji. Tena kupika hakuiondoi. Ugali ukiiva vizuri, sumu imo. Uji ukichemka, sumu imo. Mahindi yakitengenezwa pombe, sumu imo. Mnyama akiila, hupita hata katika maziwa yake.

Wataalamu waliitambua baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Tangu hapo imejulikana kwamba sumu hiyo hupiga ini. Mtu akila nyingi kwa muda mfupi, macho huwa ya manjano, tumbo huvimba, na aweza kufa. Akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, huweza kupata saratani ya ini. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa katika nchi ya Makueni na Kitui, waliugua watu 317, wakafa 125. Mwaka 2016 msiba kama huo ulitokea Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wakafa watu wapatao 20. Dodoma si mbali nasi. Wilaya yetu ya Kilosa imepakana nayo, na magunia ya mahindi hupita huku na huku kila msimu.

Dawa ya kuiondoa sumu hiyo katika chakula cha nyumbani hatuna. Tulicho nacho ni kuizuia isiingie, na njia ya kwanza ya kuizuia ni kukausha mapema, juu ya kitu kilichoinuka au kilichotandikwa, na kukausha kweli. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta msaada wa jua.

Ndugu mmoja mwenye kusoma mambo ya ufundi alituonyesha picha ya sanduku ambalo watu wa Ulaya na Marekani hujitengenezea nyumbani. (Twasema Ulaya ya ng'ambo, si Ulaya yetu ya hapa Kilosa.) Ni sanduku la mbao, pana na jembamba, ndani limepakwa rangi nyeusi, na mbele limefunikwa kwa kioo. Wengine hulijaza makopo matupu ya soda yaliyotobolewa na kupangwa kama mabomba. Jua hupiga ndani, cheusi hupata moto, na hewa iliyomo hupata joto. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo hupanda na kutoka kwa tundu la juu, ikaingia chumbani. Na hewa baridi huingia kwa tundu la chini, nayo ikapashwa vivyo hivyo. Hivyo chumba hupata joto mchana bila kuni wala mafuta.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1767 mtaalamu mmoja wa Geneva, jina lake Horace-Bénédict de Saussure, alitengeneza sanduku lenye vioo kadhaa, na joto la ndani yake likapita joto la maji yanayochemka. Na mwaka 1881 Edward Morse, mtu wa mji wa Salem huko Marekani, alipewa hati ya uvumbuzi wake wa kupasha nyumba joto kwa jua, kwa mabamba meusi ya mawe yaliyowekwa nyuma ya kioo ukutani.

Tulipoona picha ile tulicheka. Nani wa Kilosa anayetafuta joto la chumbani? Sisi wa bonde la Mkondoa, na ndugu zetu wa Mikumi, twatafuta kivuli. Hata ndugu zetu wa Njombe na Makete, wanaojua baridi ni nini, wangepata faida kidogo, kwa sababu baridi yao kubwa ni ya usiku, na usiku sanduku halina jua. Lakini yule ndugu akasema, "Msiipeleke hewa ile chumbani. Ipelekeni kabatini, na kabatini wekeni chakula." Hapo tukanyamaza, maana tulifahamu.

Sababu yake ni hii. Hewa ni kama kitambaa kinachonyonya maji. Hewa ya joto la digrii 30 huweza kubeba maji kama gramu 30 katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ile ile ikipata joto la digrii 50 huweza kubeba zaidi ya gramu 80. Basi hewa ya asubuhi ya bondeni, ambayo imekwisha kushiba umande, ukiipitisha katika sanduku la jua hutoka ina kiu. Ikipita juu ya vipande vya maembe au majani ya kunde, hunywa maji yake na kwenda zake. Chakula hakipigwi na jua lenyewe, wala vumbi, wala nzi, wala kinyesi cha kuku. Na hili nalo lina maana kwa akina mama: jua kali likiyapiga majani ya mboga kwa siku nzima huharibu sehemu kubwa ya vitamini A, ambayo ndiyo ilinzi ya macho ya watoto. Mboga zilizokaushwa kivulini kwa hewa ya moto hubaki na rangi yake na faida yake zaidi kuliko zile za juu ya paa.

Sasa twaeleza jinsi tulivyolitengeneza, ili mwenye nyundo na msumeno aweze kulitengeneza pia.

Kwanza, sanduku. Kata mbao nyepesi za paina, ufanye sanduku la urefu wa mita 2, upana wa sentimita 90, na kina cha sentimita 17. Chini yake tandaza maganda makavu ya mpunga kwa unene wa sentimita 5, ili joto lisipotee. Huku kwetu maganda hayo hutupwa mashineni bure. Juu ya maganda funika kwa ubao mwembamba. Acha nafasi ya sentimita 5, kisha weka bati la migongo lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na migongo yake ifuate urefu wa sanduku. Acha tena nafasi ya sentimita 5 juu ya bati, kisha funika sanduku kwa nailoni ngumu angavu ya vitalu nyumba, uivute sana na kuibana kwa fito. Kioo ni bora na hudumu, lakini ni kizito na huvunjika. Nailoni hupasuka kwa jua baada ya muda, na hapo huna budi kuibadilisha. Upande wa chini na upande wa juu acha wazi, hewa ipate kupita juu ya bati na chini yake. Na mlango wa chini uzibe kwa chandarua, wadudu wasiingie.

Pili, kabati. Upana wake uwe sawa na wa sanduku, yaani sentimita 90. Kutoka mbele kwenda nyuma sentimita 60. Kimo mita 1, juu ya miguu minne. Kuta zake ziwe za mbao, mwanga usipite. Ndani panga trei nne, yaani fremu za mbao zilizowambwa chandarua kipya au fito nyembamba za mianzi. Usitumie wavu wa chuma, kwa kuwa uchachu wa matunda hula chuma na kuharibu chakula. Kati ya trei na trei acha sentimita 15. Mlango uwe nyuma. Juu, chini ya paa la kabati, acha tundu la kutolea hewa lenye upana wa kiganja, nalo lizibwe kwa chandarua. Tundu hili watu wengi hulisahau. Wakilisahau, hewa iliyoshiba maji haina pa kutokea, na chakula huchemka kama kilicho katika chungu.

Tatu, kuunganisha. Kichwa cha sanduku kiingie kabatini chini ya trei ya mwisho, na nyufa zote zizibwe. Kichwa hicho kiinuke kwa sentimita 70 kuliko mguu wake, ili hewa ipande kwa urahisi na nailoni ielekee jua. Miguu ya kabati itie katika makopo yenye maji, sisimizi wasipande. Rangi ikikauka, liache kaushio juani siku mbili bila chakula, mpaka harufu ya rangi imalizike.

Tena litazame upande gani? Hapa tulikosea mara ya kwanza, nasi twataka mpone kosa hilo. Kilosa na Mikumi ziko kusini mwa ikweta kwa digrii kama 7. Tangu mwanzo wa Machi mpaka karibu katikati ya Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wetu wa kaskazini; kwa hiyo wakati wa kukausha mahindi na mboga za kiangazi, uso wa sanduku uelekee kaskazini. Lakini maembe huiva karibu na Krismasi, na wakati huo jua la adhuhuri limekwenda kusini. Mwaka wetu wa kwanza tulikausha maembe huku sanduku limelipa jua kisogo, tukalalamika kwamba halina nguvu. Basi usilijenge la kukaa mahali pamoja. Lifanye la kuchukuliwa na watu wanne, uligeuze pamoja na jua.

Kwa wale wa Mikumi twaongeza neno moja. Nyinyi mmepakana na hifadhi ya wanyama, nanyi mwawajua nyani kuliko sisi. Mlango wa kabati utieni pingu ya kweli, si kamba. Maana nyani akikuta embe limekwisha kukatwa vipande na kupangwa, hataona haya kulikaribia.

Sasa juu ya matumizi. Majani ya mboga, kama mchicha, kisamvu, majani ya kunde na ya maboga, yaoshe, yakatekate, uyatumbukize katika maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa muda wa dakika 2, uyachuje vizuri, kisha uyatandaze. Kisamvu kitwangwe na kupikwa kwanza kama kawaida, kwa sababu kibichi kina sumu yake. Nyanya na maembe yakate vipande vya milimita 6 hivi, vyote vya unene mmoja, visipandane. Kaushio la vipimo hivi hubeba kama kilo 6 mpaka 8 za vipande kwa mara moja. Anza saa mbili asubuhi. Mbele ya jua zuri, majani humaliza kwa siku moja au mbili, na maembe kwa siku mbili au tatu. Jioni ziba tundu la chini na la juu, umande usirudi kuingia. Kila siku badilisha trei, ya chini iende juu, maana ya chini hukauka mbele.

Joto la kabatini liwe kati ya digrii 45 na 60. Likizidi, ongeza tundu la juu. Majani yamekauka kama yakivunjika mkononi. Embe limekauka kama likikunjika mfano wa ngozi bila kutoa maji. Acha yapoe, kisha yatie katika chombo kikavu chenye kifuniko, ukiweke mahali pa giza. Kilo 8 za vipande vya embe hubaki kama kilo moja na nusu, nazo huweza kungoja mpaka siku za njaa.

Huenda msomaji ataniuliza, Na magunia ya mahindi je? Twajibu kwa unyofu: kaushio hili si la magunia. Laweza kumaliza mahindi ya kusaga ya nyumba kwa siku chache, au karanga za mtoto wa kunyonya anayeanza uji, au mbegu. Na kama ni mbegu, joto lisipite digrii 40, kwa maana kiini kitakufa. Kwa magunia, nunua turubai, au jenga kichanja kilichoinuka, uanike mahindi yakiwa juu yake, uyageuze mara kwa mara, uyafunike kila jioni na kila wingu likionekana. Kitu kilichotuponza mwaka ule ni ardhi tupu na haraka ya kutia magunia.

Na utajuaje kwamba yamekauka kweli? Usiamini macho. Wengi huuma punje kwa jino, lakini jino lina mazoea yake. Fanya hivi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, itie mahindi mpaka theluthi moja, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, funika, tikisa kwa muda wa dakika chache, kisha iache robo saa. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji mengi, yarudishe juani. Chumvi isiposhika, maji ya mahindi yamepungua chini ya sehemu 15 katika 100. Hata hapo yaongeze siku ya jua, kwa sababu yanayofaa kukaa miezi mingi ni yale ya sehemu 13 au chini yake. Kisha magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Yapande juu ya vichaga.

Walimu, twawaomba jambo hili. Fanyeni kaushio moja katika kila shule. Watoto wa darasa la hesabu wapime vipimo. Wa darasa la sayansi wapime joto. Wa darasa la jiografia waeleze kwa nini jua huhama kaskazini na kusini. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga ki jirani nasi hapa Kilosa. Mwenye swali juu ya mbegu au nafaka asione haya kwenda kuuliza. Na jaribio la chumvi mtoto aweza kulionyesha kwa mama yake jioni ile ile, wala halihitaji fedha.

Twamkumbuka Yusufu katika nchi ya Misri, aliyeweka nafaka ya miaka saba. Mara nyingi tumehubiri juu ya ndoto zake, na juu ya msamaha wake kwa ndugu zake. Hatukuwahi kufikiri kwamba nafaka ile ilikuwa haina budi kuwa kavu, tena ililindwa na watu waliojua kazi yao. Maana kama ingalioza ghalani, ndoto isingalimlisha mtu.

Yule bibi mjane sasa huleta mboga zake kwa kaushio letu kila siku ya Jumatatu, nasi tumempa trei mbili ziwe zake. Alipokuja mara ya kwanza alifungua kabati, akatia mkono ndani, akasikia joto. Akacheka, akasema, "Mwalimu, jua hili nimelikimbia miaka sabini." Kisha akachukua kipande cha embe, akakitazama pande zote mbili kabla ya kukitia kinywani. Tulimwona akitazama. Hatukusema neno, kwa kuwa sisi ndio tuliomfundisha kutazama.

Ndugu, tangu mwaka ule tumeweka sharti moja katika nyumba yetu, nasi twawapa mlitumie kama likiwafaa: kisichofaa kuwekwa mezani petu hakifai kupelekwa kwa maskini, wala kwa kuku, wala kwa mtengeneza pombe. Kifukiwe. Na kile tutakachotoa kiwe kimepita katika chupa ya chumvi kwanza.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema juu ya kisima na usafi wa maji. Kaeni na amani.